Picha Kutoka Angani na Mbegu za Shambani

(Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa siku moja wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika vipate kuyasoma na kuyajadili.)

 

Sisi tuliosimama hapa mbele ni watano. Wawili ni wa kikundi cha akina mama na watatu ni wa kikundi cha vijana. Mmetuita kwa sababu habari imeenea ati tuna mashine inayoleta picha kutoka angani. Wengine wanasema tunaona mvua kabla haijafika. Wengine wanasema tunapoteza pesa za kikundi. Na viongozi wa vikundi vitatu wametuuliza waziwazi: je, na sisi tuchange tununue?

Hilo ndilo swali la leo. Tutaeleza kitu hiki ni nini na kinafanyaje kazi. Tutaeleza kilituletea faida gani. Na tutaeleza pia hasara tuliyowaletea jirani zetu, kwa sababu tusipoisema sisi wenyewe mtaisikia njiani.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Juu yetu, usiku na mchana, kuna vyombo vinavyozunguka dunia. Vinaitwa setilaiti. Baadhi ni vya kutazama hali ya hewa. Vinapita kutoka kaskazini kwenda kusini, au kusini kwenda kaskazini, kwa urefu wa kama kilomita 850. Chombo kimoja huzunguka dunia nzima kwa muda wa kama dakika 100. Kikipita juu yenu, mnaweza kukisikia kwa dakika kumi hadi kumi na tano hivi, halafu kinatua kama jua linavyotua.

Kuna pia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambamo watu wanaishi. Hicho kiko chini zaidi, kama kilomita 400, na kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Jioni au alfajiri mnaweza kukiona kwa macho matupu. Ni kama nyota kubwa inayotembea bila kupepesa.

Vyombo hivi vinatuma habari kwa mawimbi ya redio, na baadhi ya matangazo hayo hayakufungwa kwa kufuli. Mtu yeyote mwenye kipokezi cha masafa yake anaweza kusikiliza. Si wizi. Yalitengenezwa yawe hivyo ili hata nchi maskini zipate picha.

Jambo hili si geni. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS 1, ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Mwishoni mwa mwaka 1963 ikafuata TIROS 8, ambayo ilijaribu kutuma picha moja kwa moja kwa mtu yeyote aliye chini yake. Tangu hapo watu wa redio za ridhaa, yaani wale wanaoshughulika na redio kwa kupenda tu na si kwa mshahara, wamekuwa wakitengeneza antena zao nyuma ya nyumba na kupokea picha za mawingu.

Msidhani ni mambo ya watu wakubwa peke yao. Katika mji wa Kettering, Uingereza, kulikuwa na mwalimu wa shule aliyeitwa Geoffrey Perry. Yeye na wanafunzi wake walisikiliza setilaiti za Urusi kwa redio ya kawaida, wakaandika saa na dakika katika daftari kila siku. Mwaka 1966 hesabu zao zikaonyesha kwamba Warusi wameanza kurushia setilaiti mahali papya, ambapo serikali yao ilikuwa haijapatangaza. Mahali hapo palikuwa Plesetsk. Wanafunzi wa shule waligundua hayo kwa redio, kalamu na uvumilivu.

Na sisi Wakenya anga si jambo la mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliipa jina la Uhuru. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kile kituo cha anga za juu, na tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1. Kwa hivyo mtoto akiuliza habari hizi, tusimwambie ni mambo ya wazungu.

PICHA INAKUJAJE KWA SAUTI?

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Wanauliza, redio inaleta sauti, sasa picha inatoka wapi?

Fikirini kwaya. Kuna sauti nene na sauti nyembamba. Sasa tufanye mapatano: sauti nene maana yake ni nyeusi, sauti nyembamba maana yake ni nyeupe, na zilizo katikati ni kijivu. Mtu akitazama picha, aanze juu kushoto, aende pole pole kulia akiimba kila anachokiona. Akifika mwisho wa mstari, anatoa mlio mmoja wa kusema "mstari umekwisha", kisha anaanza wa pili. Wewe uliye mbali, ukisikiliza na kuchora, mwishowe utakuwa na picha ileile. Ni kama kusuka mkeka, mstari juu ya mstari.

Ndivyo watu wa kituo cha anga za juu wanavyofanya wanapotuma picha kwa redio ya ridhaa. Mlio wa nyeusi unatikisika mara 1,500 kwa sekunde, wa nyeupe mara 2,300, na mlio wa kutenganisha mistari mara 1,200. Njia wanayotumia mara nyingi inachukua dakika mbili na kidogo kwa picha moja. Masafa ni megahezi 145.800. Hawatumi kila siku. Wanatangaza mapema, mara chache kwa mwaka, hasa wakati wa kukumbuka jambo fulani la safari za anga. Na tuseme ukweli: picha hizo kwa kawaida si za dunia iliyo chini yao wakati huo. Ni kama kadi za kumbukumbu, zenye picha na maandishi yaliyotayarishwa.

Picha za mawingu zilitoka kwingine. Sisi tulianza na setilaiti za Marekani ziitwazo NOAA, zilizokuwa kwenye megahezi 137 na kitu. Hizo zilituma mistari miwili kila sekunde. Ukisikiliza ulisikia tiki-toka, tiki-toka, kama saa ya ukutani. Picha moja ilianza pande za Ethiopia na Sudan na kuteremka mpaka kusini kabisa mwa Tanzania na kupita.

VIFAA TULIVYOTUMIA

Redio ya kawaida ya nyumbani haifai, maana FM yake inaishia 108. Sisi tulinunua kipokezi kidogo kama kidole gumba, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Vipokezi hivi vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya televisheni, lakini mwaka 2012 hivi mafundi wa nchi mbalimbali walitambua kwamba vinaweza kupokea masafa mengi sana. Ng'ambo vinauzwa kwa kama dola 30 hadi 40. Kompyuta tuliazima kutoka chuo cha ufundi, na programu za kugeuza sauti kuwa picha ni za bure.

Antena tulitengeneza wenyewe. Kwa masafa ya 137, chukua vyuma viwili vyembamba au waya mgumu wa alumini, kila kimoja urefu wa sentimita 53 na nusu hivi. Vifunge kwenye kipande cha ubao, vifanye umbo la V pana, nyuzi 120, vikiwa vimelala, si kusimama. Kimoja kiunganishe na waya wa ndani wa kebo ya televisheni, kingine na wavu wa nje. Visigusane. Kwa masafa ya 145.800 vyuma vinakuwa vifupi kidogo, kama sentimita 49.

Kwa picha za kile kituo cha anga si lazima kompyuta. Ukiwa na redio inayopokea 145.800, unaweka simu yenye programu karibu na spika, nayo inachora yenyewe inaposikia.

Sasa msikie jambo la sheria. Kusikiliza ni kitu kimoja na kusema hewani ni kingine. Anayetaka kutuma sauti kwenye masafa ya ridhaa ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na atapewa jina la mwito, ambalo kwetu mara nyingi linaanza na 5Z4. Sisi hatujatuma neno hata moja. Kikundi kinachotaka kununua redio za mkononi zenye uwezo wa kutuma, kiulize Mamlaka kwanza, kisije kikaingia matatani.

TULIVYOSHINDWA MWANZONI

Siku ya kwanza, mapema mwaka 2024, tulikuwa tumepata orodha ya saa za kupita. Orodha ilisema 06:10. Tukaamka usiku, tukafika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, miguu imelowa umande. Tukangoja. Hakuna kitu. Saa moja ikapita. Tukasema antena ni mbovu, tukaibomoa.

Kumbe orodha imeandikwa kwa saa za dunia, za pale Greenwich. Kwetu Kenya unaongeza saa tatu. Kwa hivyo ilikuwa 9:10, ndiyo saa tatu na dakika kumi kwa Kiswahili. Setilaiti ilipita kwa wakati wake, na sisi tulikuwa tumeketi chini tukilaumiana, antena iko vipande vipande. Tangu siku hiyo tunaandika kila kitu kwa saa zetu kwenye ubao.

Mara ya pili tulisimamisha antena karibu na paa la mabati, na posho mill ya jirani ilikuwa inasaga. Picha ilijaa chenga. Tukahamia kilimani, mbali na mabati na nyaya za stima. Mara ya tatu tiki-toka ikaanza, kwanza kama mtu anayenong'ona ndani ya upepo, halafu ikakolea. Masafa nayo yalihama kidogo. Ni kama honi ya matatu: ikija inalia nyembamba, ikishapita inakuwa nene.

Mstari wa kwanza ukatokea, kisha mwingine. Tulipoona ukingo wa Ziwa Turkana, na baadaye Ziwa Victoria jeusi kama sufuria, akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja aliuliza, "Na sisi tuko wapi hapo?" Tukamwonyesha kwa kijiti. Akatazama kwa muda mrefu, akasema tu, "Kumbe ni padogo."

Watoto wa shule wakaanza kufika kila Jumamosi. Walijifunza ramani kuliko walivyojifunza mwaka mzima. Hiyo faida ni ya kweli.

Halafu mwezi wa Mei 2024, redio ilipotangaza kimbunga Hidaya karibu na pwani ya Tanzania, sisi tulikiona wenyewe. Wingu lilijizungusha kama mwanzo wa kiondo. Tarehe 4 Mei kikafika kisiwa cha Mafia. Watu walikuja kutoka sokoni kutazama. Walituita wataalamu. Hapo ndipo vichwa vyetu vilipoanza kuvimba.

HASARA YA MWEZI WA KUMI

Sasa tunafika mahali pagumu.

Ninyi mnajua kwetu huku Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi ni ile fupi, ya kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mnakumbuka pia jinsi mvua ilivyokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022. Mwaka 2023 ikaja ya El Nino, ikabeba hata madaraja. Kwa hivyo Oktoba 2024 kila mtu alikuwa anauliza: safari hii itakuwaje?

Idara ya Hali ya Anga ilikuwa imekwisha kusema. Utabiri wake ulisema sehemu nyingi za nchi zitapata mvua ya kawaida au chini ya kawaida. Ulisomwa redioni. Lakini sisi tulikuwa na picha yetu. Tuliona upande wa bahari kumejaa wingu jeupe pe, linakuja huku. Mmoja wetu akasema kwenye baraza, mbele ya watu wote, "Tumeiona mvua. Ni nyingi. Pandeni."

Hatutasema ni nani kati yetu. Tulikuwa pamoja, na hakuna aliyemkataza.

Familia 14 zilitusikiliza. Zilikuwa zimekusudia kupanda ndengu, mtama na kunde. Zikabadilisha mawazo, zikakopa kwenye merry-go-round, zikanunua mbegu za mahindi ya muda mrefu, maana tulisema mvua ni nyingi. Zikapanda shamba lote kwa siku moja. Mvua ikanyesha siku mbili. Mahindi yakaota vizuri, yakapendeza. Halafu likaja jua la wiki tatu. Majani yakajikunja, yakakauka. Na deni la merry-go-round halikukauka.

Tulikosea wapi? Tumelitafakari sana, na tumeuliza wanaojua. Tulikosea mahali patatu.

Kwanza, picha ile ilikuwa ya joto na baridi. Kitu cha baridi kinaonekana cheupe. Wingu lililo juu sana ni baridi sana, kwa hivyo linang'aa, hata likiwa jembamba kama pamba iliyochambuliwa na halina hata tone la mvua. Sisi tuliona weupe tukadhani ni maji.

Pili, picha ni ya dakika ile tu. Inasema wingu liko hapa sasa. Haisemi kesho litakuwa wapi. Tulitazama picha moja na kuzungumza kama tumetazama msimu mzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuliacha neno la watu wenye kazi hiyo. Idara inatumia setilaiti nyingi, vituo vya kupima mvua, hali ya joto la bahari na hesabu za miaka mingi. Sisi tulikuwa na waya mbili na kiburi.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Haikuwa rahisi. Mama mmoja mzee alitukaribisha, akatupa viti, akatuambia, "Wanangu, sijakasirika kwamba mlitazama. Nimekasirika kwamba mlitazama juu, na shamba langu hamkuja kulitazama." Tulinyamaza. Mchanga wake haushiki maji, na hata mvua ya kawaida ingemtaabisha kwa mahindi yale. Jambo hilo hata mtoto wake mdogo alilijua.

Vijana walifyatua matofali miezi miwili, wakayauza, wakanunua mbegu za ndengu na mtama kwa familia zote 14 kabla ya msimu wa Machi. Deni la merry-go-round kikundi kililigawa, kila mwanachama akabeba kidogo. Haijalipwa yote mpaka leo, lakini inalipwa.

SETILAITI ZIKAZIMWA

Likaja somo la pili. Zile setilaiti tatu za NOAA tulizozizoea, ya 15, ya 18 na ya 19, zilikuwa zimezeeka. Ile ya 15 ilirushwa mwaka 1998. Mwezi Juni 2025 wenyewe wakaizima ya 18. Mwezi Agosti mwaka huohuo wakazizima mbili zilizobaki. Tiki-toka ikanyamaza.

Hatukuwa na pa kulalamikia. Hatukulipa kitu, na hakuna aliyetuahidi kitu. Ziko setilaiti za Kirusi ziitwazo Meteor, zilizorushwa 2023 na 2024, ambazo zimekuwa zikituma picha katika masafa hayohayo ya 137, na antena ileile inafaa. Lakini njia yake ni ya kidijitali. Picha yake ni safi zaidi, ila inahitaji kompyuta yenye programu nyingine, na mlio ukikatika kidogo kipande chote kinapotea. Tulijifunza upya tangu mwanzo. Wawili kati yetu walichoka wakaacha, wakaja wengine.

Tunalisema hili ili mjue: kikundi kikijenga mipango yake yote juu ya chombo cha mtu mwingine, siku mwenyewe akikizima, mipango nayo imezimika.

JE, MNUNUE AU MSINUNUE?

Jibu letu ni hili.

1. Kama pesa za kikundi ni za mbegu, tangi la maji au karo, msiziguse. Kipokezi hakijazi tumbo. Msikope kamwe kwa ajili ya kitu hiki.

2. Kama kuna shule au chuo cha ufundi karibu chenye kompyuta, na kuna vijana wenye hamu, anzeni nacho kama somo. Watajifunza ramani, hesabu, kulehemu, umeme na subira. Picha za kituo cha anga za juu ni mwanzo mzuri, maana mambo yake ni mepesi na watoto wanafurahi.

3. Kabla ya kipokezi, tengenezeni kipima mvua. Chombo kilichonyooka kuta, kimewekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi mtu mmoja apime kwa rula na aandike katika daftari. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10, hayo ni maji kama lita 200. Kwa hesabu hiyo mtajua tangi gani linafaa. Daftari la mvua la miaka mitano ni mali kuliko picha mia.

4. Utabiri wa msimu utoke kwa Idara ya Hali ya Anga, na ushauri wa mbegu utoke kwa afisa wa kilimo na kwa wazee wanaoujua udongo wenu. Picha iwe ya kuelewa wanachosema, si ya kushindana nao.

5. Msipande shamba lote kwa neno la mtu mmoja, awe na picha au asiwe nayo. Gawanyeni shamba, gawanyeni mbegu. Ukikosa huku, utapata kule.

6. Mtu wa kikundi chenu akisimama barazani kusema jambo zito, wenzake wawe na ujasiri wa kumuuliza, "Umejuaje?" Sisi hatukuulizana. Swali hilo moja lingeokoa mahindi ya familia 14.

Na je, sisi tumeacha? Hapana. Jumamosi bado tunapanda kilimani. Watoto wanaongeza saa tatu bila kukosea. Wanashika antena, wanangoja, na picha ikianza kushuka wananyamaza wote. Ile familia ya mama mzee ina mjukuu wa darasa la saba. Yeye ndiye anayeandika daftari la mvua sasa, na picha ya siku anaibandika ukurasa wa pili yake, kulia picha, kushoto milimita. Juzi alituonyesha siku nne ambazo wingu lilikuwa jeupe kabisa na kipima mvua kilikuwa kikavu. Akasema, "Hizi ndizo zile zilizowadanganya."

Tulimwambia ndiyo, ndizo. Na tuliona kwamba amejifunza kwa wiki chache kile ambacho sisi tulijifunza kwa hasara ya watu.

 Anayetaka kuona antena, iko nje kwenye mwembe. Atakayetaka kutuuliza kwa ukali, pia tuko.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chenu ambaye neno lake halihojiwi? Kwa nini?
2. Msimu uliopita mlipata wapi habari za mvua? Mlizitumiaje?
3. Je, kuna mtu kijijini anayeandika mvua kila siku? Kama hayuko, mnaweza kumchagua leo?
4. Kikundi kikikosea na kuwaletea wengine hasara, kifanye nini ili imani irudi?
5. Vijana wenu wana hamu ya kujifunza kitu gani ambacho hakihitaji pesa nyingi?